Kura 220,761: kisa cha Kakuei Tanaka, mbunge aliyehukumiwa na kuchaguliwa

Tarehe 12 Oktoba 1983 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilimtia hatiani Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa zamani wa Japani, kwa kupokea rushwa ya yeni milioni 500 iliyotoka kwa Lockheed, kampuni ya Marekani inayounda ndege. Hukumu ilikuwa kifungo cha miaka 4 na faini ya kiasi kile kile alichopokea. Akakata rufaa, akaachiwa kwa dhamana, akakataa katakata kujiuzulu ubunge. Wapinzani wakasusa vikao, Bunge likakwama, na waziri mkuu wa wakati huo, Yasuhiro Nakasone, akalivunja na kuitisha uchaguzi. Tarehe 18 Desemba, miezi miwili tu baada ya hukumu, wananchi wa jimbo la tatu la Niigata walikwenda vituoni. Tanaka alipata kura 220,761.

Hakuwahi kupata kura nyingi kiasi hicho, hata mwaka 1972 alipogombea akiwa waziri mkuu. Jimbo lile lilikuwa na viti vitano na wagombea kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyemkaribia. Mwandishi mashuhuri Akiyuki Nosaka aliacha kiti chake katika Baraza la Juu ili aje apambane naye nyumbani kwake, hoja yake ikiwa ni moja tu, siasa ya fedha. Akaangushwa vibaya.

Magazeti ya Tokyo yaliwalaumu wapiga kura wale. Yalisema ni watu wa mashambani, hawajui tofauti ya kiongozi na mfadhili, na wameiaibisha nchi. Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda mrefu na sikubaliani na lawama hiyo. Wale watu 220,761 walijua vizuri walichokuwa wakifanya. Tanaka alikuwa na hatia, na hilo nitalieleza bila kuficha. Lakini anayetaka kuelewa jinsi mtu mwenye hatia anavyoweza kuishika nchi kwa muongo mzima hana budi aanzie Niigata, kwenye theluji.

Upande wa nyuma wa Japani

Niigata iko kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Honshu, inatazama Bara la Asia. Kila majira ya baridi pepo za kutoka Siberia huzoa unyevu baharini, zikagonga milima iliyo kati ya Niigata na Tokyo, na unyevu ule wote ukaanguka upande wa Niigata kama theluji. Ng'ambo ya pili ya milima, Tokyo, kuna jua. Januari 1963 mji wa Nagaoka ulifunikwa na theluji ya zaidi ya mita 3. Watu walitokea madirishani kwenye ghorofa ya juu. Mgonjwa wa kijiji cha milimani alibebwa mgongoni hadi kwa daktari, na wengine walifia njiani. Wanaume wakimaliza mavuno waliaga familia zao na kwenda Tokyo kufanya vibarua hadi theluji iyeyuke. Wajapani wa miji mikubwa waliuita ukanda huo upande wa nyuma wa Japani, na wenyeji waliichukia sana kauli hiyo.

Humo ndimo Tanaka alimozaliwa tarehe 4 Mei 1918, katika kijiji cha Futada, eneo ambalo leo liko ndani ya mji wa Kashiwazaki. Baba yake alikuwa mchuuzi wa farasi na ng'ombe, akafilisika. Mtoto alikuwa na kigugumizi na akakishinda kwa kujizoeza kuimba masimulizi ya kienyeji kwa sauti kubwa. Elimu yake ya mchana ilikoma alipomaliza shule ya msingi na madarasa yake ya juu. Mwaka 1934, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo, akafanya kazi mchana na kusoma ufundi wa ujenzi usiku. Jeshi lilimpeleka Manchuria mwaka 1939, akaugua mapafu, akarudishwa. Vita vilipokwisha alikuwa na kampuni yake ya ujenzi na fedha za kutosha kuingia kwenye siasa.

Alishindwa mwaka 1946, akashinda mwaka 1947. Kampeni zake za mwanzo bado zinasimuliwa huko. Aliwaambia wanakijiji kwamba angeibomoa milima ya Mikuni ili theluji ipite iende zake Tokyo, na kifusi akimwage baharini mpaka kisiwa cha Sado kiungane na bara. Walicheka, lakini walimsikia. Wagombea wengine walihutubia kuhusu katiba na amani. Huyu alizungumzia kilichokuwa kikiwaua.

Mwaka uliofuata kionjo cha mambo yote ya baadaye kilionekana. Desemba 1948, akiwa na miaka 30 tu na ametoka kuwa naibu waziri wa sheria, alikamatwa kwa tuhuma za kuhongwa yeni milioni 1 na wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe waliopinga migodi yao kuwekwa chini ya udhibiti wa serikali. Uchaguzi ukaitishwa yeye yuko mahabusu. Akatangaza kugombea humo humo, akatoka kwa dhamana zikiwa zimebaki siku chache, akazunguka vijijini kwenye theluji, akashinda. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani na ya rufaa ikamwachia huru mwaka 1951. Kwa hiyo 1983 haikuwa mara ya kwanza watu wa Niigata kumpigia kura mtu wa kesi. Walikwisha kufanya hivyo, na kwa maoni yao hawakupata hasara.

Etsuzankai

Chama chake cha wafuasi jimboni kiliitwa Etsuzankai, na katika kilele chake kilikuwa na wanachama zaidi ya 90,000. Hapa sipaachi haraka, maana bila Etsuzankai kesi ya Lockheed haieleweki.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila kijiji kilikuwa na tawi. Tawi lilikaa na kukubaliana juu ya haja yao kubwa, iwe daraja, tuta la mto, barabara ya kupitika wakati wa baridi, au njia ya chini kwa chini kupenya mlima. Maombi yalipanda hadi ofisi za Tanaka, yakapangwa kwa umuhimu na kwa idadi ya kura ambazo kijiji kilitoa mara ya mwisho. Kisha mabasi yaliwapeleka wanakijiji Tokyo, wakaingia nyumbani kwake mtaa wa Mejiro asubuhi na mapema, wakamkuta mbunge wao amevaa makubazi ya mbao, ameshika upepeo, anajipepea. Alisikiliza kwa dakika chache, akajibu papo hapo kama linawezekana au haliwezekani. Aliposema linawezekana, lilifanyika. Aliziona bajeti za wizara kwa undani kuliko maofisa wengi walioziandika, ndiyo maana wenzake walimwita tingatinga lenye kompyuta.

Mradi ukipitishwa, zabuni ilikwenda kwa wakandarasi wa Niigata. Mkandarasi aliajiri wakulima wakati wa baridi, kwa hiyo baba hakulazimika tena kuiacha familia akatafute vibarua Tokyo. Mkandarasi huyo huyo aliichangia Etsuzankai na siku ya uchaguzi akahakikisha wafanyakazi wake wanapiga kura. Kura ilimrudisha Tanaka bungeni akiwa na nguvu zaidi, nguvu ikaleta bajeti, na bajeti ikaleta barabara nyingine.

Watu huuliza, kosa liko wapi hapo? Barabara ilikuwa barabara ya kweli, na mgonjwa alifika hospitali. Wakati wa theluji ya 1963 Tanaka alikuwa waziri wa fedha, na ndiye aliyesimamia sheria ya misaada ya maafa itumike kwa mara ya kwanza kwa waliokumbwa na theluji. Kabla ya hapo, kwa macho ya serikali, tetemeko lilikuwa maafa na theluji ilikuwa hali ya hewa tu. Mwaka 1953, akiwa mbunge wa kawaida, aliongoza kupitishwa kwa sheria iliyotenga kodi ya petroli kwa ajili ya barabara peke yake, na utaratibu huo ulidumu hadi 2009. Hizi ni kazi za mbunge hodari, na sioni sababu ya kumnyima sifa yake.

Kosa lilikuwa kwamba haki iligeuzwa kuwa fadhila. Kijiji kilichofukiwa na theluji kilistahili barabara kwa sababu kina watu. Chini ya Etsuzankai kiliipata kwa sababu kina kura za Tanaka, na kijiji jirani kilichomuunga mkono msoshalisti kilingoja. Halafu mfumo wa uchaguzi wa Japani wa wakati ule uliuongezea moto. Katika jimbo la viti vitano, chama tawala, Liberal Democratic (LDP), kilisimamisha wagombea wawili au watatu pamoja. Hawakuweza kushindana kwa sera, maana sera ilikuwa moja. Walishindana kwa kuletea watu vitu, na kuleta vitu kunataka fedha.

Fedha na kiti cha juu

Mkono mtupu haulambwi, na ndani ya LDP hakuna aliyelielewa hilo kumshinda Tanaka. Mwaka 1957, akiwa na miaka 39, alikuwa waziri wa posta na mawasiliano, akagawa leseni za vituo vya televisheni kwa mkupuo. Alikuwa waziri wa fedha kuanzia 1962 hadi 1965, kisha katibu mkuu wa chama kwa miaka mingi, kisha waziri wa biashara na viwanda. Kila alipopita aliacha watu wenye deni kwake. Maofisa wa Wizara ya Fedha, wasomi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, walimdharau siku ya kwanza. Inasimuliwa kwamba aliwaambia yeye ni wa shule ya msingi na wao ni vichwa bora vya taifa, wafanye kazi bila woga, na likiharibika jambo lawama zote ni zake. Wakampenda.

Wabunge wa kambi yake walipewa fedha wakati wa kiangazi na mwisho wa mwaka, zile za mwisho wa mwaka zikiitwa fedha za mochi, yaani vitumbua vya mchele vya sikukuu. Mbunge mchanga aliyebanwa na gharama za jimbo alijua pa kukimbilia, na alijua hatadaiwa kwa maneno.

Tarehe 5 Julai 1972 alimshinda Takeo Fukuda katika uchaguzi wa rais wa LDP. Duru ya kwanza Tanaka alipata 156 na Fukuda 150. Duru ya pili ikawa 282 kwa 190. Fukuda alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Tokyo na ofisa wa zamani wa hazina, mtu ambaye kila mmoja alimdhani mrithi. Nchi ilishangilia kwamba mtoto wa mchuuzi wa farasi, asiye na chuo kikuu, amekuwa waziri mkuu akiwa na miaka 54.

Uwaziri mkuu wenyewe ulidumu miezi 29 tu na una mambo makubwa mawili. La kwanza ni China. Septemba 1972 alikwenda Beijing pamoja na waziri wake wa mambo ya nje, Masayoshi Ohira, na tarehe 29 wakatia saini na Zhou Enlai tamko la kurejesha uhusiano wa nchi mbili ambazo hazikuwa zimeelewana rasmi tangu vita. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwani ndani ya chama chake walikuwamo waliotaka Taiwan isiachwe kamwe. La pili ni mpango wake wa kuijenga upya Japani, kutawanya viwanda kutoka pwani ya Pasifiki na kuunganisha nchi nzima kwa barabara kuu na treni za mwendo kasi. Fikra ilikuwa njema. Lakini walanguzi waliisoma ramani kabla ya serikali kuanza kazi, wakanunua ardhi kila palipotajwa, na bei zikaruka. Oktoba 1973 vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta, na mwaka 1974 gharama za maisha zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Akina mama walipigania karatasi za chooni madukani. Januari mwaka huo alizuru Asia ya Kusini-Mashariki, akapokewa na maandamano Bangkok na ghasia zilizoua watu Jakarta, vijana wakipinga kampuni za Japani.

Kilichomwangusha, hata hivyo, ni mwandishi wa habari. Toleo la Novemba 1974 la jarida la Bungei Shunju, lililotoka mapema Oktoba, lilibeba uchunguzi wa Takashi Tachibana kuhusu mali za Tanaka. Tachibana hakuwa na mtoa siri. Yeye na wasaidizi wake walipekua daftari za usajili wa ardhi na kampuni, nyaraka ambazo yeyote angeweza kuzisoma. Walikuta kampuni zisizo na wafanyakazi zilizonunua ardhi ya kingo za mto Shinano huko Nagaoka kwa bei ya chini, na baadaye serikali ikajenga tuta, ardhi ile ikawa kavu na ghali. Waandishi wa magazeti makubwa, waliomzunguka Tanaka kila siku, walikuwa wamenyamaza. Ni mpaka baadaye mwezi huo wa Oktoba, waandishi wa kigeni mjini Tokyo walipombana kwa maswali kwenye chakula cha mchana, ndipo magazeti ya nyumbani yalipoliandika. Desemba akaondoka madarakani. Naona aibu hiyo ya vyombo vya habari ni kubwa kuliko inavyotajwa kwa kawaida, kwa kuwa ndivyo vilivyokuja kuwakaripia wakulima wa Niigata mwaka 1983.

Risiti ya karanga

Februari 1976 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilifichua kwamba Lockheed ilihonga watu katika nchi kadhaa ili kuuza ndege zake. Makamu wa mwenyekiti wa Lockheed, Carl Kotchian, alieleza fedha zilivyoingia Japani kupitia Marubeni, kampuni ya biashara iliyokuwa wakala wake. Miongoni mwa nyaraka ilikuwamo risiti ya Marubeni iliyosema imepokea karanga 100. Karanga moja ilikuwa yeni milioni 1.

Waendesha mashtaka walijenga kesi yao hatua kwa hatua. Agosti 1972, wiki chache baada ya Tanaka kushika madaraka, rais wa kampuni ya Marubeni, Hiro Hiyama, alifika Mejiro asubuhi. Aliomba waziri mkuu asaidie shirika la ndege la All Nippon Airways linunue ndege aina ya TriStar, na akaahidi yeni milioni 500. Oktoba shirika likatangaza limeichagua TriStar. Fedha zenyewe zilikabidhiwa kwa mafungu manne kati ya Agosti 1973 na Machi 1974, zikiwa ndani ya maboksi ya kadibodi, zikihamishwa kutoka gari hadi gari. Fungu moja lilibadilishana mikono nyuma ya ubalozi wa Uingereza, jingine kwenye maegesho ya Hoteli Okura. Mpokeaji alikuwa katibu wa Tanaka, Toshio Enomoto.

Tarehe 27 Julai 1976 Tanaka alikamatwa. Alijitoa LDP siku hiyo hiyo na hakurudi tena kuwa mwanachama. Alitoka kwa dhamana ya yeni milioni 200 mwezi wa Agosti, na Desemba jimbo lake likamrudisha bungeni kwa kura zaidi ya 168,000.

Hadi leo wapo Wajapani wanaoamini kwamba Marekani ilimtega kwa sababu alikimbilia Beijing na kutafuta mafuta bila kuiomba ruhusa Washington. Sioni ushahidi wa dai hilo. Uchunguzi ule ule ulimkumba Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, na nchini Italia waziri wa zamani wa ulinzi, Mario Tanassi, alihukumiwa mwaka 1979. Hao hawakuwa na ugomvi wa mafuta wala wa China. Lockheed ilihonga palipokuwa na mteja. Pia maboksi yale hayakubebwa na Wamarekani. Yalibebwa na Wajapani, na maelezo yao wenyewe mbele ya waendesha mashtaka ndiyo yaliyoshikilia kesi.

Kuna hoja moja ya utetezi ambayo ina uzito. Kotchian na wenzake walihojiwa Marekani baada ya kuahidiwa kwamba Japani haitawashtaki, na mawakili wa Tanaka hawakupata nafasi ya kuwahoji. Sheria ya Japani haikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Hoja hii ilikuja kujibiwa, lakini baada ya mwenyewe kufariki.

Mtu wa nje anayeteua waliomo ndani

Sasa tufike kwenye sehemu inayonikera kuliko zote. Kuanzia 1976 Tanaka alikuwa mshtakiwa, si mwanachama wa chama tawala, hana wizara, hana cheo. Wakati huo huo kambi yake ndani ya LDP iliendelea kukua mpaka ikavuka wabunge 100, kubwa kuliko kambi nyingine yoyote. Mwaka 1978 ndiyo iliyompa Ohira ushindi dhidi ya Fukuda. Ohira alipofariki katikati ya kampeni za 1980, ndiyo iliyomkubali Zenko Suzuki. Mwaka 1982 ikampa Nakasone, na katibu mkuu wa baraza lake la mawaziri, Masaharu Gotoda, alitoka humo humo. Magazeti yakaichanganya serikali hiyo jina, yakaiita ya Tanakasone. Tanaka mwenyewe yalimwita shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa zama za kale, wa gizani.

Kwa nini alihangaika hivyo? Nadhani alitaka serikali ambayo isingemtupa, na alitaka siku moja arudi akiwa amesafishwa. Hilo naweza kulielewa kwa binadamu. Nisichoweza kulisamehe ni viongozi wa chama kizima, watu waliosoma, waliokwenda Mejiro kuomba baraka za mtu ambaye mahakama ilikuwa ikimsikiliza kila wiki. Kesi ilikwenda vikao 191. Mbunge kijana wa kambi yake, Ichiro Ozawa, husema alihudhuria vyote. Chama hakikuona haya.

Tuwarudie basi wapiga kura. Novemba 1982 treni ya mwendo kasi ya Joetsu ilianza safari, ikipita kwenye njia ya chini ya mlima yenye urefu wa kilomita 22, na mwendo wa Niigata ukawa wa saa mbili hivi badala ya nusu siku ya zamani wakati wa theluji. Barabara kuu ya Kan-Etsu ilikuwa ikikamilishwa. Mwaka mmoja baada ya treni kufika, watu wa Tokyo wanawaambia watu wa Niigata wamkatae aliyeileta. Na chama tawala chenyewe, kinachoongozwa na waziri mkuu aliyewekwa na Tanaka, hakijamkataa. Ni nani angemkataa? Mkulima wa milimani alijua kwamba Tanaka akiondoka, foleni ya Mejiro itafungwa na hakuna mlango mwingine. Tena hasira ilikuwamo. Wengi waliona hukumu ile kama Tokyo inamhukumu mtu wao kwa jambo ambalo wakubwa wote wa chama wanalifanya. Katika hili la pili hawakukosea sana.

Gharama ilikuja kulipwa na nchi nzima. Katika uchaguzi ule LDP ilishuka hadi viti 250 kati ya 511, ikalazimika kuungana na chama kidogo ili itawale, na Nakasone akatoa tamko la kuahidi kuondoa ushawishi wa Tanaka katika siasa. Miaka yote hiyo mikoa mingine ilijifunza kwa Niigata. Kila mbunge alitaka Etsuzankai yake, na bajeti ya ujenzi ikawa kitu kisichoweza kupunguzwa hata barabara zilipoanza kuelekea kusiko na watu.

Walewale aliowalea

Mahakama haikummaliza, wala wapiga kura. Waliommaliza ni watoto wake wa kisiasa. Tanaka alikuwa hataki mtu wa kambi yake agombee uwaziri mkuu, kwa kuwa hapo kambi ingekuwa ya mwingine. Februari 1985 Noboru Takeshita, akisaidiwa na Shin Kanemaru na vijana kama Ozawa, aliunda kikundi cha kujifunza ndani ya kambi, na kila mtu alijua si cha kujifunza. Tanaka alichukia, akazidisha pombe, na tarehe 27 mwezi huo huo akapigwa na kiharusi. Hakuweza tena kuzungumza sawasawa. Mwaka 1986 alichaguliwa kwa kura 179,062 bila kukanyaga jukwaa hata siku moja, na bungeni hakuonekana. Julai 1987 Mahakama Kuu ya Tokyo ilitupilia mbali rufaa yake. Alistaafu mwaka 1990, baada ya kuchaguliwa mara 16, na Etsuzankai ikavunjwa.

Urithi wa fedha ulibaki mikononi mwa waliomwasi. Takeshita alikuwa waziri mkuu, akaanguka mwaka 1989 kwa kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit. Kanemaru alikiri mwaka 1992 kupokea yeni milioni 500 kutoka kampuni ya usafirishaji ya Sagawa Kyubin, na mwaka uliofuata akakamatwa kwa kukwepa kodi. Hasira ya kashfa hizo ilikiondoa LDP madarakani Agosti 1993. Mwaka 1994 majimbo ya viti vingi yakafutwa na vyama vikaanza kupewa ruzuku ya serikali, ili mbunge asihitaji tena shoguni wa kumlisha.

Karibu na kijiji alikozaliwa kuna urithi mwingine. Juni 1974, wakati wa serikali yake, zilipitishwa sheria tatu zinazotoa ruzuku kwa miji inayokubali vituo vya umeme, vikiwamo vya nyuklia. Kashiwazaki na Kariwa walikuwa wamekwisha kukubali, na kikajengwa kituo cha vinu saba, kikubwa kuliko vyote duniani kwa uwezo wake. Umeme wake ulijengewa njia ya kwenda Tokyo. Tetemeko la Julai 2007 lilikisimamisha, na tangu hapo wenyeji wamekuwa wakibishana juu ya usalama wao.

Tanaka alifariki tarehe 16 Desemba 1993, akiwa na miaka 75, rufaa yake ya mwisho ikiwa bado Mahakama ya Juu, na kwa sheria kesi dhidi yake ikafutwa. Ya Hiyama na Enomoto iliendelea. Tarehe 22 Februari 1995 Mahakama ya Juu iliikubali ile hoja ya utetezi, ikayaondoa maelezo ya mashahidi wa Marekani kwenye ushahidi. Kisha ikapima kilichobaki, ikaona kinatosha, na ikathibitisha hatia. Ilitamka pia kwamba waziri mkuu akimsukuma waziri wa uchukuzi alishawishi shirika la ndege linunue ndege fulani, anatumia mamlaka ya cheo chake, na akilipwa kwa hilo amepokea rushwa.